505 GTI inayogoma ikipata moto: pima kwanza, kompyuta mpya baadaye

Papa mmoja wa Kampemba, hapa Lubumbashi, ameniandikia. Nafupisha barua yake: "Nina Peugeot 505 GTI ya 1985, injini ya lita 2.2, iliyokuja kutoka Ubelgiji. Asubuhi inawaka vizuri. Nikizunguka mjini kisha nikaizima, inakataa kuwaka mpaka ipumzike karibu nusu saa. Ralanti (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka yenyewe, inatoa moshi mweusi, na esanse (petroli) inakwisha haraka. Fundi wa kwanza alikuja na mashine ya kusoma kompyuta, hakuona hata pa kuichomeka. Wa pili anataka ang'oe injeksheni yote aweke karburata. Kijana wangu anasema tununue kompyuta mpya ya kupanga kwa laptop. Nimfuate nani?"

Papa, kijana wako ana hoja nzuri na nitaifikia, ila amewahi. Kompyuta mpya itatumia pampu ileile, mipira ileile, nyaya zilezile za masi (zinazorudisha umeme kwenye hasi ya betri) na esanse ileile. Ukiifunga juu ya hitilafu ambazo hazijapimwa, utabaki na hitilafu zako zote na juu yake programu ya kujifunza. Anza kwa kupima. Vifaa vyake si vya bei ya kutisha: mita ya kawaida ya umeme, geji ya presha ya petroli inayosoma mpaka baa 6 hivi, kipimajoto na taa ndogo ya majaribio.

Kwanza ujue una nini mkononi. 505 GTI ilitoka kiwandani na injeksheni ya Bosch ya ukoo wa L-Jetronic. Bosch walianza na D-Jetronic mwaka 1967 kwenye Volkswagen 1600, mfumo uliokadiria hewa kwa kupima presha ndani ya manifoldi (mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini). Miaka ya 1970 wakaleta L-Jetronic, ambayo huipima hewa yenyewe inapopita. Fungua boneti utakiona kipima hewa, kisanduku cha alumini kati ya filta ya hewa na ule mpira mkubwa mweusi. Ndani yake mna kibao kinachoshikiliwa na springi. Injini ikivuta hewa, kibao kinasukumwa, kinazungusha mkono mdogo juu ya njia ya kaboni, na kompyuta inasoma volti inayotoka pale. Inachanganya habari hiyo na kasi ya injini inayoipata kwenye koili, joto la maji na joto la hewa, kisha inaamua nozeli (vipulizia petroli) zifunguke kwa milisekunde ngapi. Nozeli zote nne hufunguka kwa pamoja, mara moja katika kila mzunguko wa krenki (shafti kuu ya injini), kila mara zikitoa nusu ya dozi.

Basi. Haikumbuki kosa lolote na haina tundu la mashine. Soketi ya kusomea makosa tunayoizoea leo ililazimishwa Marekani kwa magari ya 1996, na Ulaya kwa magari ya petroli kuanzia 2001. Fundi wako wa kwanza hakukosa ujuzi, ni gari lililokitangulia kifaa chake. Faida yako ni kwamba kila kitu kwenye mfumo huu kinapimika kwa mita, waya mmoja baada ya mwingine.

Sasa angalia malalamiko yako. Moshi mweusi unasema petroli imezidi. Ralanti inayopanda na kushuka mara nyingi inasema kuna hewa inayoingia bila kupimwa, maana yake petroli ni kidogo kuliko hewa. Haya mawili yanapingana, na yamekaa kwenye injini moja. Nikikuta hali hiyo, nashuku kwamba mtu alishafunika kosa moja kwa kosa lingine: hewa ilivuja, injini ikakosa petroli, fundi akalegeza mahali ili petroli iongezeke, ralanti ikatulia kwa wiki chache, kisha mpasuko ukakua. Ndiyo sababu sitaki uguse skurubu yoyote ya kurekebisha kabla hujamaliza kutafuta.

Anza na kitu ambacho hakuna anayekitaja: themostati ipo? Mafundi wengi huku kwetu huitoa wakiamini injini itapoa zaidi. Kwenye injini ya karburata unaweza kuishi hivyo. Kwenye injini yako ni hasara ya kila siku, kwa sababu kompyuta inaongeza petroli muda wote maji yakiwa chini ya joto la kazi, ambalo ni nyuzi 80 na zaidi. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi za Lubumbashi zinaposhuka chini ya nyuzi 10, injini isiyo na themostati inaweza kwenda hadi Kipushi na kurudi kompyuta ikidhani bado ni saa kumi na moja alfajiri. Rudisha themostati. Kama injini inachemka ikiwa nayo, basi radieta, feni au gasketi ndiyo yenye shida, na hiyo ni kazi ya kufanywa kwa jina lake.

Kisha pima sensa ya joto la maji, ile inayopeleka habari kwenye kompyuta, si ile ya saa ya dashibodi. Injini ikiwa baridi, kwenye nyuzi 20, iseme karibu omu 2,500. Ikifika nyuzi 80, iseme karibu omu 300. Kupima kwenye sensa peke yake hakutoshi. Zima swichi, chomoa plagi kubwa ya kompyuta, upime kwenye pini zake kwa kufuata mchoro wa nyaya. Ukipata omu 300 kwenye sensa na omu 1,400 kwenye kompyuta, sensa ni nzima na wewe una plagi yenye kutu au waya uliooza. Hilo linatosha kuleta moshi wako mweusi. Waya ukikatika kabisa, kompyuta inaona ukinzani usio na mwisho na inamwaga petroli kama ya injini iliyolala kwenye barafu.

Ukiwa na mita mkononi, pima na masi. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, mtu azungushe stata. Ukiona zaidi ya nusu volti, waya wa masi umechoka. Rudia kwenye sehemu ambapo nyaya za masi za injeksheni zimefungwa kwenye injini: hapo, injini ikizunguka, nataka kusoma karibu na sifuri. Fungua, piga msasa mpaka chuma kiwake, funga, paka grisi. Vumbi jekundu la kiangazi likikutana na mvua ya Novemba linatengeneza kutu ndani ya plagi ambayo kwa macho huioni, kwa hiyo kila plagi ya injeksheni ichomolewe, isafishwe kwa dawa ya viunganishi vya umeme na kukazwa pini zake.

Hewa sasa. Katika mfumo huu, hewa yoyote inayoingia baada ya kipima hewa ni hewa ambayo kompyuta haiijui. Hata kifuniko cha mafuta ya injini na kijiti cha kupimia oili ni sehemu ya njia hiyo, maana pumzi ya injini inarudishwa kwenye manifoldi. Fanya jaribio hili: injini ikiwa kwenye ralanti, fungua kifuniko cha oili. Injini isiyo na hitilafu itayumba au itazima. Isipobadilika, tayari kuna tundu kubwa mahali pengine. Mahali pa kwanza pa kutazama ni ule mpira mkubwa kati ya kipima hewa na kipepeo (mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali ya mafuta). Ukiutazama kutoka juu unaonekana mzima. Utoe kabisa, uupeleke juani, uukunje kwa vidole mikunjo ifunguke mmoja mmoja. Mpasuko huwa upande wa chini, ndani ya bonde la mkunjo, na unafunguka tu injini inapojitikisa kwenye mikono yake. Kwa mkao huo unaeleza vizuri ralanti inayopanda na kushuka. Baada ya hapo angalia oringi za nozeli, mpira wa breki unaokwenda kwenye servo, gasketi ya manifoldi, na ile valvu ya hewa ya asubuhi ambayo inatakiwa kujifunga injini ikipata moto. Ibane mpira wake kwa koleo injini ikiwa moto: ralanti ikishuka sana, valvu imeganda wazi.

Moshi wa kupulizwa ndani ya manifoldi ndio unaoonyesha tundu haraka kuliko yote. Garaji zenye mashine ya moshi zimeanza kuonekana mjini. Usimruhusu mtu anyunyizie petroli kwenye manifoldi ya moto ili asikilize injini ikibadilika. Wapo wanaofanya hivyo, na injini yenye kuvuja umeme kwenye nyaya za buji (plagi za cheche) haihitaji zaidi ya cheche moja.

Hewa ikishazibwa, ndipo tufungue kipima hewa. Juu yake kuna kifuniko cheusi cha plastiki kilichogandishwa kwa silikoni. Kitazame kabla ya kukigusa. Silikoni ya kiwandani ni nyembamba na imenyooka. Ukiona imekatwa kwa kisu au kuna gundi nyingine juu yake, kuna mtu ameingia. Ndani utaona gurudumu lenye meno linalokaza springi, na kichuma kidogo kinacholizuia lisizunguke. Meno yenye mikwaruzo inayong'aa yanakueleza kwamba liliwahi kuzungushwa. Kulegeza springi kunafanya kibao kifunguke zaidi kwa hewa ileile, na kompyuta inaongeza petroli kuanzia ralanti mpaka mwendo wa kasi. Kama kuna alama ya zamani ya rangi, rudisha jino lile pale pale. Kama hakuna, weka alama yako kwanza, na urekebishaji wa springi usubiri tutakapokuwa na kipimo cha moshi wa bomba la nyuma, yaani sensa ya oksijeni nitakayoieleza mbele.

Humo humo tazama njia ya kaboni. Gari lililotembea miaka mingi kwa mwendo uleule huwa na mstari uliolika mahali pamoja, mara nyingi ule wa mwendo wa kawaida barabarani. Unganisha mita, sukuma kibao polepole kwa kidole: volti ibadilike kwa ulaini. Ikiruka au kupotea, hapo ndipo gari linapokatakata ukiwa njiani kwenda Likasi. Mkono wenye brashi unaweza kusogezwa kwa upana wa uzi ili upite kwenye kaboni ambayo haijaguswa. Ni kazi ya mkono mtulivu, lakini inaokoa kisanduku ambacho kipya chake ni ghali na cha mtumba huenda kimechoka kuliko chako.

Kuna jambo lingine ambalo mafundi wa Ulaya hawalitaji kwa sababu halijawahi kuwasumbua. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa hapa ni kama kilopaskali 88, wakati Antwerp, bandarini, ni 101. Kipima hewa cha kibao kinasahihisha joto, lakini hakijui hewa imekuwa nyepesi. Kosa lake linafuata kipeuo cha pili cha msongamano wa hewa, hivyo gari lililorekebishwa vizuri Ubelgiji likifika kwetu linapewa petroli ya ziada ya asilimia 6 au 7, bila kitu chochote kuharibika. Kwa siku za kawaida injini inavumilia. Ukijumlisha na themostati iliyotolewa na springi iliyolegezwa, una moshi mweusi kamili. Skurubu ya hewa ya pembeni kwenye kipima hewa inarekebisha ralanti tu. Kuifungulia nje kunapunguza petroli. Kwa mwendo, ni lile gurudumu la meno, na hilo ndilo nililosema lisubiri kipimo.

Nije kwenye kugoma ikiwa moto, maana najua ndiko kunakokuumiza zaidi.

Injini inapozimwa, joto halina pa kwenda. Maji hayazunguki, feni imesimama, na kwa dakika kama ishirini bomba la petroli lililo juu ya injini linazidi kupata moto. Petroli iliyobaki ndani haichemki mradi iko chini ya presha. Presha ikipotea inakuwa mvuke, nozeli zinapuliza mvuke badala ya petroli, na injini haiwaki mpaka vitu vipoe. Hewa yetu nyepesi inaifanya ichemke mapema zaidi. Kwa hiyo swali ni moja: presha yako inakaa au inakimbia?

Funga geji kwenye mpira unaoingia kwenye bomba la nozeli. Injini ikizunguka na mpira mwembamba wa vakyumu umechomolewa kwenye regyuleta (kidhibiti cha presha ya petroli), soma baa 2.5 au 3, kulingana na regyuleta iliyofungwa. Namba imepigwa mhuri juu yake. Ukirudisha mpira, ishuke karibu nusu baa. Ule mpira mwembamba ukinuka petroli au ukiwa umelowa ndani, kiwambo cha regyuleta kimepasuka na petroli inanyonywa moja kwa moja kwenye manifoldi. Hilo peke yake linaleta moshi mweusi na kugoma kwa pamoja, hivyo liangalie kabla ya mengine yote ya presha.

Kisha zima. Baada ya dakika 20 nataka geji iwe bado juu ya baa 1. Ikianguka haraka, rudia, lakini mara tu unapozima, bana kwa koleo lenye midomo laini mpira unaotoka kwenye pampu. Presha ikikaa, valvu ya kuzuia kurudi ndani ya pampu imekufa. Ikianguka bado, rudia kwa kubana mpira wa kurudi kwenye tangi. Ikikaa, ni regyuleta. Ikianguka hata hivyo, nozeli inachuruzika, au ile nozeli ya tano ya kuwashia asubuhi kama gari lako linayo. Toa bomba lote na nozeli zake, ziache zining'inie juu ya makopo manne, washa pampu bila kuzungusha injini. Katika dakika moja haitakiwi hata tone moja kuanguka.

Kabla hujalaumu presha, hata hivyo, siku itakayogoma fanya vitu viwili palepale barabarani. Chomoa waya mmoja wa buji, weka buji ya majaribio juu ya chuma, zungusha stata. Kama hakuna cheche, achana na petroli: ni moduli ya elektroniki ya kuwashia, kipokezi cha ndani ya delko (kigawa cheche), au koili, na vyote hivyo hufa kwa moto na kufufuka vikipoa. Kumbuka kwamba kompyuta inapata habari ya mzunguko kutoka koili, kwa hiyo cheche ikikosekana na nozeli zinanyamaza. Fundi anayeona nozeli kimya na kununua kompyuta ya injeksheni bila kuangalia cheche amenunua bure. Cheche ikiwepo, ishughulikie relei ya pampu: unganisha kwa waya mfupi pini 30 na ile inayopeleka umeme kwenye pampu, mara nyingi 87 au 87b, hakikisha kwenye mchoro. Sikiliza pampu kwa sekunde tano, toa waya, jaribu kuwasha. Ikiwaka mara moja, au presha ilikimbia, au relei haikuwa inaipa pampu umeme. Ifungue hiyo relei. Utazame viunganishi vya chini yake kwenye mwanga mkali: ufa wa risasi iliyolehemu huonekana kama duara jembamba jeusi kuzunguka pini. Kulehemu upya ni kazi ya dakika chache.

Petroli yenyewe tuiangalie kwa uzito wake. Ukinunua ya chupa kando ya barabara, mvua ikiwa imenyesha, unanunua na maji. Karburata ina bakuli ambalo maji hutulia chini na unaweza kulimwaga. Nozeli ina kichujio kidogo kuliko ncha ya kidole, na pini yake inakaa kwenye kiti kilichong'arishwa. Kutu ya maji inakila. Shusha tangi, lisafishe, weka filta mpya ya injeksheni, na ununue petroli kwenye kituo chenye mauzo mengi. Mipira yote ya petroli ibadilishwe kwa mipira ya injeksheni iliyoandikwa R9, si ile ya karburata ambayo haikutengenezwa kwa baa 3. Nimeona mpira wa karburata ukifungwa kwenye bomba la nozeli kwa waya wa kufungia. Ukipasuka, petroli inarushwa kwa nguvu juu ya manifoldi ya moshi, na gari linaungua watu wakiwa ndani. Weka kizima moto ambacho mkono wako unakifikia ukiwa kwenye kiti.

Na karburata? Fundi wako wa pili si mjinga. 505 nyingi zilitoka kiwandani na karburata na zimezeeka kwa heshima kwenye barabara zetu. Lakini kuibadilisha yako kunataka manifoldi nyingine, pampu ya presha ndogo ya robo baa hivi, delko yenye mpangilio wake, na majeti yaliyochaguliwa kwa mwinuko wetu, kwa sababu karburata nayo haijui hewa imepungua na inazidisha petroli vilevile. Ukimaliza gharama hizo una gari dhaifu zaidi, linalokunywa zaidi, na sehemu za asili zimetupwa. Siipendekezi.

Tuseme sasa umemaliza hayo yote na gari linawaka likiwa moto. Hapo naipa nafasi hoja ya kijana wako, kwa sababu L-Jetronic hata ikiwa nzima ina mipaka: haijui mwinuko, haijisahihishi, na vipima hewa vyake vinazidi kuadimika. Kabla ya kompyuta, funga kwanza sensa ya oksijeni ya masafa mapana pamoja na saa yake. Fundi atachomea tundu kwenye bomba la moshi, sensa isimame juu ya mlalo ili maji ya mvuke yasiikalie, na isiachwe humo bila umeme injini ikizunguka. Kwa saa hiyo utarekebisha springi ya kipima hewa kwa macho: karibu kilo 14 za hewa kwa kilo moja ya petroli kwenye ralanti, 14.7 au juu kidogo kwenye mwendo wa utulivu, 12.6 hadi 13 ukikanyaga mpaka mwisho. Wengi wakifika hapo wanaridhika, na wana haki.

Ukiendelea, chaguo ziko mbili ninazozijua vizuri kwa mtu anayetaka kujifunza: MegaSquirt, iliyoanzishwa Marekani na Bruce Bowling na Al Grippo, na Speeduino, ambayo imejengwa juu ya bodi ya Arduino na michoro yake iko wazi kwa yeyote. Zote zinaacha kibao na kupima presha ya manifoldi. Utahitaji sensa ya presha, sensa ya joto la hewa, sensa ya kipepeo inayosoma pembe nzima badala ya swichi yako ya mwanzo na mwisho, na gurudumu la meno kwenye puli ya krenki, meno 36 moja likiwa limetolewa, au 60 mawili yakiwa yametolewa. Hilo gurudumu ndilo linaloshinda wengi. Likizunguka kwa kuyumba hata nusu milimita, au sensa yake ikikaa mbali zaidi ya milimita moja hivi, kompyuta inapoteza hesabu kwenye kasi kubwa na injini inapiga risasi kwenye bomba. Lichongwe na fundi wa lathe anayefanya kazi za migodini; mji huu haukosi mikono hiyo.

Nozeli kubwa usinunue. Piga hesabu: farasi 130 ni kama kilowati 96. Kwa gramu 300 za petroli kwa kila kilowati kwa saa, injini inakunywa kilo 29 kwa saa ikikanyagwa yote, sawa na lita 39 hivi. Gawa kwa nozeli nne, acha nafasi ya asilimia 20, unapata takriban sentimita za ujazo 200 kwa dakika kwa kila nozeli. Za 400 zilizotolewa kwenye gari la turbo zitakupa ralanti mbaya kuliko uliyo nayo leo. Pima pia ukinzani: za karibu omu 16 zinafungwa moja kwa moja, za omu 2 au 3 zinataka rezista, la sivyo zinaunguza kompyuta.

Ukiwasha swichi bila kuwasha injini, sensa ya presha hapa kwetu isome karibu kilopaskali 88. Ikisoma 101, imewekwa vibaya kwenye programu. Ramani ya petroli (jedwali la kiasi cha petroli kwa kila presha na kasi) utakayopewa na mtu wa pwani itakuwa na safu za juu mpaka 100. Injini yako haitazifikia kamwe, na nguvu yako yote iko kwenye safu za kati ya 80 na 90. Rekebisha hizo kwa uangalifu, na moto wa buji uanze kwa hofu, usizidi nyuzi 30 za mzunguko wa krenki kabla pistoni haijafika juu, kwa jumla, mpaka umesikiliza injini ikipanda mlima ikiwa imejaa watu. Acha nyaya za zamani na kompyuta ya zamani nzima kwenye boksi, usikate plagi yoyote. Na siku fundi wa kuchomea vyuma atakapogusa bodi ya gari kwa umeme, chomoa betri na kompyuta kabla hajawasha mashine.

Papa, nitumie namba nne: omu za sensa kwenye nyuzi 20 na 80 ukizipima kwenye plagi ya kompyuta, presha injini ikizunguka, na presha dakika 20 baada ya kuzima. Ongeza na picha ya silikoni ya kipima hewa. Nikizipata nitakuambia sehemu ya kununua na ya kutonunua.